Kishikwambi Kinachopoteza Wi-Fi: Pima Kwanza, Fundi Baadaye

Huduma nyingi ambazo mkazi wa Kinna alilazimika kuzifuata Isiolo mjini sasa ziko mtandaoni. Ombi la KUCCPS, mkopo wa HELB, ritani ya KRA kabla ya tarehe 30 Juni, usajili wa SHA, cheti cha kuzaliwa kupitia eCitizen: yote hayo yanaweza kumalizwa nyumbani kwenye kishikwambi, mradi intaneti itulie kwa nusu saa. Taabu iko kwenye hiyo nusu saa. Fomu imejazwa hadi ukurasa wa mwisho, Wi-Fi inakatika, na ikirudi ukurasa unakutaka uingie upya na kuanza tena. Kijana akizungushwa hivyo mara nne usiku wa mwisho wa maombi, anaweza kukosa nafasi ya chuo kwa sababu ya ruta ambayo bei yake haifiki ya mbuzi mmoja.

Jambo linalofanyika mara nyingi baada ya hapo ni kupanda gari na kishikwambi mkononi, kwenda Maua au Isiolo kutafuta fundi. Nauli ya kwenda na kurudi imetoka, fundi amelipwa, kishikwambi kimefutwa kila kitu, na siku ya pili Wi-Fi inakatika vilevile, kwa kuwa kasoro ilibaki nyumbani. Somo la toleo hili ni namna ya kujua kasoro iko wapi kabla hujatoa pesa. Halihitaji chombo chochote zaidi ya simu ya pili, kalamu na karatasi.

Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Kutoka kwenye kishikwambi hadi kwenye ruta kuna mawimbi mafupi yanayoishia nyumbani kwako: hiyo ndiyo Wi-Fi. Kutoka kwenye ruta kwenda nje, hadi mnara wa kampuni ya simu au setilaiti, kuna safari ya pili: hiyo ndiyo intaneti. Ni sawa na mfereji wa nyumbani na bomba kuu la maji. Mfereji unaweza kuwa mzima kabisa na maji yasitoke, na bomba linaweza kujaa maji huku mfereji umeziba. Ndiyo maana unaweza kuona alama ya Wi-Fi imejaa juu ya skrini na bado hakuna ukurasa unaofunguka.

Basi mara nyingine muunganisho unapokatika, usibonyeze kitu. Angalia mambo mawili tu. La kwanza, alama ya Wi-Fi juu ya kishikwambi: ipo, haipo, au ipo lakini ina alama ya mshangao au ya mkasi pembeni? La pili, simu nyingine iliyounganishwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo: inafungua ukurasa au nayo imekwama? Hakikisha umezima data ya simu hiyo kwanza, la sivyo itatumia bando lake yenyewe na kukudanganya.

Kama alama ya Wi-Fi bado ipo kwenye vifaa vyote viwili lakini hakuna kinachofunguka, Wi-Fi yako ni nzima. Kasoro iko nje: bando, laini au mnara. Kama vifaa vyote viwili vimeachwa kwa pamoja, na jina la Wi-Fi yako limetoweka hata kwenye orodha ya mitandao iliyo karibu, ruta yenyewe imezima au inawaka upya. Kama simu inaendelea vizuri na kishikwambi peke yake ndicho kimeanguka, hapo ndipo una haki ya kukishuku kishikwambi, au mahali kilipowekwa.

Fanya hivyo kwa siku mbili au tatu na uandike: saa ngapi, umekaa wapi, ni lipi kati ya hayo matatu, na nini kingine kilikuwa kinawaka nyumbani. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maelezo ya mdomo. Kukatika kila saa moja jioni ni ugonjwa tofauti na kukatika kila unapoingia chumba cha nyuma, ingawa machoni vinafanana.

Ruta inayozima bila wewe kujua

Tunaanza na umeme kwa sababu ndicho chanzo kinachosahaulika zaidi, hasa kwenye nyumba za sola. Taa ya nyumba umeme ukipungua kidogo hufifia tu na wewe huoni neno. Ruta haifanyi hivyo. Umeme ukishuka chini ya kiwango chake, inazima na kuwaka upya, na kuwaka upya huchukua dakika moja au mbili. Kwako wewe inaonekana kama Wi-Fi imepotea na kurudi yenyewe.

Geuza ruta na usome maandishi ya chini. Nyingi za mezani huandikwa voti 12, na ndogo za mfukoni hutumia voti 5 kupitia waya wa chaja ya simu. Chaja nayo ina maandishi yake. Voti lazima zilingane, na ampea za chaja zisiwe chini ya zinazohitajika. Chaja iliyopotea ikabadilishwa na yoyote iliyoingia kwenye tundu ndiyo chanzo cha visa vingi vya namna hii. Kwa ruta ndogo ya mfukoni, waya mwembamba au uliochakaa karibu na kichwa unaweza kupitisha umeme wa kuchaji usiku kucha lakini usitoshe vifaa vitatu vinapotumia Wi-Fi kwa pamoja. Badilisha waya kabla ya kubadilisha kitu kingine. Ni bei rahisi.

Wapo waliounganisha ruta ya voti 12 moja kwa moja kwenye betri ya sola. Betri hiyo inapochajiwa mchana inaweza kupanda hadi voti 14 na zaidi, na usiku baada ya televisheni na taa kutumika inashuka chini ya 12. Ruta nyingine huvumilia, nyingine huzima usiku na kuungua polepole mchana. Kama karatasi yako inaonyesha kukatika usiku tu, tena baada ya saa mbili tatu za matumizi, jaribu usiku mmoja bila televisheni. Ikitulia, umepata jibu, na dawa yake ni betri yenye nguvu au kifaa kidogo cha kutuliza voti kati ya betri na ruta. Kishikwambi hakina kosa.

Wenye stima ya kawaida wana toleo lao la tatizo hili: friji au pampu ikianza kuzunguka, umeme unashtuka kwa nukta moja. Weka ruta kwenye soketi tofauti na hiyo, au tumia betri ndogo ya akiba inayotengenezwa kwa ajili ya ruta.

Kuna pia joto. Ruta iliyowekwa juu ya kabati, inchi chache chini ya mabati, saa nane mchana Kinna, inakaangika. Ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika, iteremshe na uitoe kitambaa cha mapambo kilichofunikwa juu yake. Kitambaa hicho ni kizuri, lakini ni blanketi.

Mabati, maji na umbali

Mawimbi ya Wi-Fi hupita kwenye mbao na pazia kwa urahisi, kwenye tofali kwa shida, na kwenye mabati karibu hayapiti. Yanagonga na kurudi. Nyumba ya kuta za mabati, au yenye chumba kilichotengwa kwa mabati, humeza Wi-Fi hata ruta ikiwa hatua kumi tu kutoka ulipo. Tangi la maji na friji nazo huzuia. Kishikwambi kikiwa mpakani, kinashika na kuachia, kinashika na kuachia, na hiyo ndiyo tabia inayofanya watu waseme kimeharibika. Simu mpya yenye antena bora huenda isionyeshe tatizo hilo mahali palepale, kwa hiyo usiihukumu kasi ya kishikwambi kwa kuilinganisha na simu iliyo chumba kingine.

Jaribio ni hili. Kaa na kishikwambi hatua mbili kutoka kwenye ruta, bila ukuta katikati, kwa nusu saa nzima. Fungua video au kurasa tofauti. Kisipokatika hata mara moja, tatizo ni umbali au ukuta, na unaweza kuruka sehemu yote inayohusu mipangilio ya kishikwambi hapa chini.

Ushauri wa kawaida ni kuweka ruta katikati ya nyumba, juu kiasi cha kimo cha mtu. Ni ushauri mzuri mjini. Kwa ruta inayotumia laini ya simu huku kwetu una kasoro moja: ruta hiyo lazima nayo iuone mnara, na katikati ya nyumba ya mabati haiuoni. Hapo unachagua. Zunguka na simu yenye laini ya kampuni ileile, tafuta dirisha ambalo vijiti vya mtandao vinajaa zaidi, weka ruta hapo, halafu wewe sogea karibu nayo unapokuwa na kazi muhimu. Kusogeza kiti ni rahisi kuliko kusogeza mnara. Wenye intaneti ya setilaiti kama Starlink hawana shida hiyo, kwa kuwa sahani inakaa nje na waya unaingia ndani; wao waweke ruta katikati bila wasiwasi.

Ruta za kisasa hutangaza mitandao miwili, mara nyingine kwa majina mawili, moja likiishia na 5G. Hiyo 5G si ile ya kampuni za simu. Maana yake ni mawimbi ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi lakini hayaendi mbali na huchoshwa na kuta. Yale ya gigahezi 2.4 ni ya polepole kidogo lakini yanafika mbali. Kwa chumba cha nyuma, unganisha kishikwambi kwenye jina lisilo na 5G, na ukifute kwenye lile jingine ili kisirukeruke kati ya mawili.

Ikiwa kishikwambi ndicho

Umekaa karibu na ruta, simu inaendelea, kishikwambi kinaanguka. Sasa tuingie ndani yake. Anza na rahisi: kizime kabisa kisha ukiwashe. Chomoa ruta, hesabu hadi 30, ichomeke. Ruta humpa kila kifaa nambari yake, kama mifugo inavyopangiwa zamu kisimani, na mara nyingine vifaa viwili hujikuta kwenye zamu moja vikisukumana. Kuwasha upya hupanga foleni upya.

Kisha angalia kiokoa betri. Kishikwambi kikifika asilimia 15 au 20, huenda kikaanza kubana matumizi, na Wi-Fi ni kati ya vinavyobanwa. Vishikwambi vya zamani vya Android vina mpangilio, ndani ya mipangilio ya ziada ya Wi-Fi, unaouliza kama Wi-Fi ibaki imewashwa skrini inapolala. Chagua iwashwe daima. Kama kinakatika kila ukikiweka chini kwa dakika chache kisha kinajiunga chenyewe ukigusa skrini, sababu ni hii na wala si ugonjwa.

Hatua inayosaidia wengi ni kukifanya kishikwambi kiusahau mtandao na kuujua upya. Lakini kabla hujagusa neno Forget, au Sahau kama kifaa chako kiko katika Kiswahili, hakikisha una nywila ya Wi-Fi mkononi. Aghalabu iko kwenye kibandiko chini ya ruta, isipokuwa mtu aliibadilisha. Wapo waliosahaulisha mtandao usiku na kukaa gizani hadi mwenye nywila aliporudi kutoka malishoni.

Tazama programu zilizoongezwa na watoto. Zile zinazoahidi kuongeza kasi, kusafisha kumbukumbu au kuficha mtandao bila malipo hukata muunganisho kwa namna zisizoeleweka. Ziondoe. Angalia pia tarehe na saa. Kishikwambi kilichokaa miezi bila chaji kinaweza kuamka kikidhani ni mwaka mwingine, na kurasa salama kama za eCitizen hukikataa kwa onyo la usalama. Hiyo si Wi-Fi hata kidogo, ni kalenda. Na kama kuna masasisho ya mfumo yanayosubiri, yapakue ukiwa karibu na ruta na betri imejaa.

Wi-Fi ya kutoka kwenye simu

Nyumba nyingi hazina ruta; baba au mama anawasha hotispoti ya simu na wengine wanajiunga. Hapa simu ndiyo ruta, na ina tabia zake. Simu nyingi za Android huzima hotispoti zenyewe zikiona hakuna kifaa kilichounganishwa kwa dakika kadhaa. Kishikwambi kilale kidogo, simu ifunge mlango, na kikiamka hakikuti kitu. Ndani ya mipangilio ya hotispoti kuna swichi ya kuzima tabia hiyo. Kwenye iPhone, acha ukurasa wa hotispoti wazi hadi kishikwambi kijiunge, na kwa matoleo kuanzia iPhone 12, washa swichi ya Maximize Compatibility iliyo pale, ambayo hurudisha mawimbi ya gigahezi 2.4 yanayoshikwa na vishikwambi vya zamani. Na mwenye simu akitoka kwenda msikitini au dukani, ameondoka na ruta yenu. Linachekesha, lakini ni jambo la kuulizia kabla ya kulaumu kifaa.

Bando na mnara

Kama uchunguzi wako ulionyesha kwamba Wi-Fi ipo na intaneti haipo, angalia bando kwanza. Bando la siku lina saa yake ya kuisha, na baadhi ya vifurushi vya nyumbani hupunguzwa kasi baada ya kiasi fulani. Kwa laini ya Safaricom, *544# itakuonyesha salio la data. Ikiwa bando linaisha haraka kuliko mnavyotumia, huenda nywila yako imefika kwa jirani. Ibadilishe, vifaa vyote visivyo vya nyumbani vitaanguka, na wenyewe watakuja kuuliza.

Bando likiwepo, toa laini kwenye ruta uitie kwenye simu. Simu ikipata intaneti vizuri, ruta ndiyo yenye shida. Simu nayo ikikwama, shida ni laini au mnara. Fahamu kwamba laini nyingine hufungwa kwa ruta yake na haziwezi kujaribiwa hivi.

Kukatika kwa mnara hakuna dawa ya nyumbani, lakini kuna njia ya kulalamika. Piga kwa kampuni yako, soma kwenye karatasi yako siku na saa, na uombe nambari ya malalamiko. Wasiposhughulikia, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja, na itataka kujua kwanza kama ulifika kwa kampuni yenyewe. Nambari ile ndiyo ushahidi wako.

Kabla ya kukubali kifutwe

Kuna aina mbili za kuweka upya, na fundi asiyekueleza tofauti usimwachie kifaa. Kuweka upya mipangilio ya mtandao hufuta mipangilio ya mtandao, kama nywila za Wi-Fi na vifaa vya Bluetooth. Picha na hati zako zinabaki. Kuweka upya kila kitu hufuta kila kitu. Zaidi ya hapo, kishikwambi cha Android kilichofutwa kwa nguvu kitadai akaunti ya Google iliyokuwemo awali. Ukiwa hukumbuki barua pepe na nywila yake, au ulikinunua mkononi kwa mtu na akaunti ni yake, kitabaki kimefungwa. Ulikwenda na kishikwambi kinachokatika, unarudi na kigae.

Kishikwambi cha shule au cha ofisi kisiwekwe upya nyumbani kamwe. Kirudishe kwa aliyekupa pamoja na karatasi yako ya siku na saa.

Ikibidi kwenda kwa fundi, nakili picha na hati kwanza, toa laini ya simu, na usimpe PIN ya M-Pesa kwa sababu yoyote. Hakuna ukarabati wa Wi-Fi unaoihitaji. Mwambie ulichokwisha kupima: kwamba simu inaendelea kishikwambi kikianguka, hata hatua mbili kutoka kwenye ruta, hata baada ya kusahau mtandao. Hapo atajua aangalie antena ya ndani, ambayo waya wake unaweza kulegea kifaa kikianguka chini, badala ya kuanza na kukufutia.

Wakati huohuo maombi hayangoji. Ukiwa na fomu ya kujaza kwenye muunganisho usioaminika, andika majibu yote kwenye karatasi kwanza, hifadhi kila ukurasa unaoruhusu, na usingoje siku ya mwisho ambayo tovuti zenyewe huelemewa. Ikikatika katikati ya malipo, usilipe tena. Soma ujumbe wa M-Pesa. Malipo ya eCitizen huenda kwa nambari ya kulipia 222222, na ujumbe wa kuthibitisha ukiwa umeingia, pesa zimetoka. Ingia upya kwenye akaunti uangalie kama malipo yameonekana, na utunze msimbo wa ujumbe huo. Yasipoonekana, msimbo huo ndio utakaoulizwa, iwe utapiga simu au utafika Kituo cha Huduma mjini Isiolo.